Doria za Wajerumani dhidi ya Reli ya Uganda, 1914–1916: jinsi ya kuzichunguza ukiwa Moshi au Arusha

Kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916, vikundi vidogo vya Wajerumani, askari na wapagazi vilitoka upande wa Kilimanjaro, vikavuka nyika kavu ya mpakani na kwenda kuilipua Reli ya Uganda kati ya Mombasa na Nairobi. Kwa muda mwingi wa kipindi hicho makao makuu ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, yalikuwa Moshi, na Moshi ndipo ilipoishia reli ya kutoka Tanga. Anayeishi Moshi au Arusha yuko mwanzoni mwa njia hizo. Mwisho wake uko Kenya, na karatasi nyingi zinazozieleza ziko Ulaya. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi, mwongoza watalii, au mjukuu wa mpagazi anayetaka kujua lililotokea badala ya kurudia hadithi za vitabuni.

Chagua kipande kidogo

Usianze na “hujuma zote za reli”. Chukua kipande cha reli, kwa mfano Voi hadi Mtito Andei, na miezi mitatu au minne tu. Kabla ya kufungua jalada lolote, andika tarehe hizi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, maana zitakuepusha na upuuzi mwingi: Wajerumani waliteka Taveta 15 Agosti 1914. Mapigano ya Longido yalikuwa 3 Novemba 1914, siku zile zile za vita vya Tanga. Jassin ilipiganwa 18–19 Januari 1915, na hapo ndipo Lettow alipoona hana risasi wala maofisa wa kutosha kuendelea na vita vya namna hiyo, akaegemea zaidi doria ndogo. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda Taveta, ikafika Maktau Juni mwaka huo. Salaita ilishambuliwa 12 Februari 1916, Latema na Reata 11–12 Machi, na Moshi ikachukuliwa 13 Machi.

Kwa hiyo kulikuwa na shabaha mbili: njia kuu ya Mombasa–Nairobi, na tawi la Voi. Waandishi wengi wanazichanganya. Shambulio la Novemba 1914 haliwezi kuwa la reli ya Maktau, kwa sababu reli hiyo haikuwepo. Vivyo hivyo, ukisoma kwamba mizigo ilifika Arusha kwa treni mwaka 1915, mwandishi huyo mweke pembeni. Reli ilifika Arusha mwaka 1929.

Anzia kwa aliyepigwa

Wengi huanza na kumbukumbu za makamanda wa Kijerumani, kwa sababu zinasomeka vizuri. Hilo ni kosa la mpangilio. Aliyelipua anajua alipotega na alisikia mshindo, lakini mara nyingi alikuwa ameshakimbia kabla hajaona kilichoharibika. Mwenye reli ndiye aliyehesabu hasara. Kila treni iliyosimama iliacha karatasi: simu ya maandishi kutoka stesheni, amri ya kupeleka gengi la mafundi, barua ya gavana kwenda London, mstari kwenye shajara ya kikosi kilicholinda daraja.

Karatasi hizo ziko hasa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London. Tafuta WO 95, yaani shajara za vita za vikosi, na humo usiishie kwenye vikosi vya mapigano. Angalia pia shajara za njia za usafirishaji na za wahandisi. CO 533 ni barua za Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na CO 544 ina ripoti za idara zake. CO 691 inahusu Tanganyika na inaanza 1916, kwa hiyo kwa kazi hii itakusaidia kidogo tu. Vikosi vingi vilivyolinda reli vilikuwa vya Kihindi, na karatasi zao nyingine ziko kwenye majalada ya IOR/L/MIL, British Library, na Hifadhi ya Taifa ya India, New Delhi.

Huna nauli ya London? Katalogi ya Kew inatafutika bure mtandaoni. Andika orodha ya namba za majalada, kisha agiza nakala au mpe kazi mtafiti anayefanya kazi humo. Wasomaji wanaruhusiwa kupiga picha kwa kamera zao bila malipo, kwa hiyo siku moja ya mtafiti mwenye orodha nzuri hukuletea mamia ya kurasa. Orodha mbaya hukuletea picha za jalada lisilo lako. Mpe namba kamili, tarehe ya kuanzia na ya kuishia, na umwambie apige jalada zima la mwezi pamoja na viambatisho vyake. Ramani za mkono na nakala za simu huwa nyuma, na mtu mwenye haraka huziruka.

Nairobi ni karibu zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Kenya iko Moi Avenue, na huko utaomba majalada ya wilaya ya Taita Taveta na ya Jimbo la Pwani. Makumbusho ya Reli, pale Nairobi, yanafaa kwa injini, mabehewa na michoro ya njia.

Ukisoma shajara ya vita, tenga saa mbili tofauti: saa ya tukio na saa ambayo taarifa ilifika kambini. Ofisa aliandika jioni, na “8.15 p.m.” yake mara nyingi ni saa aliyopokea simu. Ukiziweka kwenye safu moja utapata mashambulio mawili mahali palipokuwa na moja.

Pima hasara kwa uzito wa chuma

Maneno “reli ilikatwa” yanatisha kuliko tukio lenyewe. Reli ya Uganda ilitandikwa kwa vyuma vya futi 30 vyenye uzito wa ratili 50 kwa yadi. Piga hesabu: futi 30 ni yadi 10, kwa hiyo chuma kimoja ni ratili 500, karibu kilo 227. Gengi la watu wachache wenye koleo, spana na chuma cha akiba huking’oa kilichopinda na kuweka kipya ndani ya saa chache, kama mataruma na tuta havikuvurugika sana. Daraja ni jambo jingine. Injini iliyopinduka nayo ni jambo jingine kabisa, maana lazima iinuliwe au isukumwe pembeni kabla ya chochote kupita.

Kwa hiyo usirekodi “imefanikiwa” au “imeshindwa”. Rekodi kilichopigwa: chuma, kalavati, daraja, behewa, injini, waya wa simu. Kisha rekodi muda ambao treni zilisimama. Waingereza walianza kutanguliza mabehewa mazito yenye mchanga mbele ya injini, kwa hiyo “treni imelipuliwa” huenda ikamaanisha behewa la mchanga limevunjika na injini imebaki salama. Lettow mwenyewe anaeleza jinsi watu wake walivyolazimika kubadili mbinu kwa sababu ya mabehewa hayo. Tarehe yako ikiwa ya kabla au baada ya mabadiliko hayo, hasara inasomeka tofauti.

Upande wa Kijerumani

Tatizo kubwa hapa ni moto. Hifadhi ya jeshi la Ujerumani huko Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, na karatasi nyingi za vita vya kwanza zikapotea nayo. Kilichobaki kimesambaa. Berlin kuna R 1001, majalada ya Wizara ya Makoloni, na sehemu kubwa yake inasomeka mtandaoni kupitia mfumo wa Invenio. Freiburg kuna karatasi binafsi za Lettow-Vorbeck, namba N 103. Magazeti mawili ya walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam na Usambara-Post la Tanga, yamepigwa picha na Maktaba ya Jimbo ya Berlin. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina majalada ya Kijerumani yenye herufi G. Mengi ni ya utawala, lakini hayo ndiyo yatakayokuonyesha nani alikuwa nani Moshi kabla ya vita.

Kumbukumbu za Lettow za mwaka 1920 zitumie kama ramani ya kutafutia. Zisiwe ushahidi wa mwisho. Anaeleza doria ya kulipua kuwa ya Wazungu mmoja au wawili, askari wachache na wapagazi watano hadi saba, na hilo linaaminika. Jumla zake za treni na madaraja zisubirishe hadi uzipate upande wa pili. Kwa upande wa Waingereza, shajara za Richard Meinertzhagen, ofisa wao wa ujasusi, ndizo za kuogopwa zaidi. Wachunguzi wamezikuta na mambo ya kubuni, kwa hiyo lolote lililomo humo peke yake lisiingie kwenye hesabu yako.

Angalia vifupisho. FK ni Feldkompagnie, kampuni ya askari wa kawaida. SchK ni Schützenkompagnie, ambayo mwanzoni ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Kampuni ya 8 FK na ya 8 SchK ni vikosi viwili tofauti. Kampuni ya 1 FK ndiyo iliyokuwa na makao Arusha kabla ya vita, kwa hiyo mtu wa Arusha na aanze nayo. Mwandiko wa zamani wa Kijerumani usikukatishe tamaa, kwani programu ya Transkribus husoma kurasa nyingi vizuri. Ila majina ya mahali na ya watu yahakikishe kwa macho yako, maana hapo ndipo inapokosea.

Majina ya mahali

Kwenye karatasi za Kijerumani, Moschi ni Moshi, Aruscha ni Arusha, Taweta ni Taveta, Mbujuni ni Mbuyuni. Tafuta kwa tahajia zote, la sivyo mashine itakujibu hakuna kitu. Waingereza waliandika Kasigao kwa Kasigau.

Kuna mitego mitatu ambayo hata wenyeji huingia. Mbuyuni ya vita iko Kenya, kati ya Maktau na Taveta, haina uhusiano na soko la Mbuyuni la Moshi mjini. Serengeti inayotajwa kwenye taarifa hizi ni nyika iliyo mashariki ya Taveta, si hifadhi ya Mara na Simiyu. Na Moshi zilikuwa mbili: Old Moshi, yenye boma juu mlimani, na Moshi mpya chini kwenye stesheni. Taarifa ya “kuondoka Moshi” bila kusema ipi inaweza kukupoteza nusu siku ya mwendo.

Maili na ramani

Taarifa za Waingereza hutaja maili kutoka Mombasa, kwa mfano “maili 132”, ambayo ni eneo la Tsavo. Zidisha kwa 1.609 upate kilomita 212.4. Usichukue namba hiyo ukaenda kuitafuta kwenye nguzo za leo, kwa sababu njia ya zamani imewahi kunyooshwa na kuhamishwa sehemu kadhaa, na reli mpya iliyofunguliwa 2017 imepita jirani kwa mkondo wake. Pima kwenye ramani ya wakati ule, kuanzia stesheni iliyo karibu zaidi. Kosa la maili moja kutoka Mombasa hukua, lakini kosa la kuanzia Tsavo hubaki dogo.

Ramani ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000 ina ubora wa ajabu kwa wakati wake, ila milimita moja juu yake ni mita 300 ardhini. Itakufikisha kwenye bonde, kalavati haitakuonyesha. Iweke kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kwa kutumia nukta sita hadi kumi. Chagua vilele kama Salaita, Latema, Reata na Kasigau. Usitumie ufuko wa Ziwa Jipe, kwa maana maji yake hupanda na kushuka.

Halafu kuna kosa ambalo limewarudisha watu wengi mikono mitupu. Ramani za kawaida za Tanzania na Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, wakati simu yako inatumia WGS 84. Ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi na kuiingiza kwenye simu bila kubadilisha, unasogea takriban mita 300 kaskazini au kusini. Kwa mji si kitu. Kwa kalavati lililofunikwa na vichaka utatafuta hadi jua lizame. Kwenye QGIS ipe ramani mfumo EPSG:21037, na nukta za simu EPSG:4326 kama ni za digrii, au EPSG:32737 kama ni za UTM, kisha iache programu ibadilishe.

Jaribu njia kwa maji

Taveta hadi Tsavo ni takriban kilomita 100 kwa mstari mnyoofu. Chukua doria ya watu kumi kwa siku sita, kwenda na kurudi. Hata kwa kipimo cha kubana cha lita 4 kwa mtu kwa siku, wanahitaji lita 240. Wapagazi saba wenye mzigo wa kilo 25 wanabeba kilo 175 zote pamoja, na ndani ya hizo kuna chakula na baruti. Hesabu haikubali. Lazima walinywa njiani, na sehemu za kunywa zilikuwa chache: mto Lumi, Ziwa Jipe, mto Tsavo, vijito vya Bura na mabwawa ya mvua. Waingereza walilijua hilo, ndiyo maana waliweka ulinzi kwenye maji kama walivyouweka kwenye madaraja.

Chora kwanza maji, kisha njia. Njia yoyote inayokatisha nyika siku tatu wakati wa kiangazi bila kugusa maji, iweke alama ya kuuliza, hata kama imechapishwa kwenye kitabu kizuri.

Mwezi nao usiusahau, kwani kutega kwenye tuta lenye walinzi gizani na kwenye mbalamwezi si kazi moja. Stellarium, programu ya anga, itakupa mwezi wa usiku wowote bure. Ipime kwanza: weka 1 Januari 1915, na inapaswa kukuonyesha mwezi mpevu.

Kwenda uwandani

Kutoka Moshi unavukia Holili kuingia Taveta. Salaita, Mbuyuni na Maktau ziko kando ya barabara ya kwenda Voi. Sehemu nyingine ziko ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na humo huingii kwa miguu bila askari wa wanyamapori. Tuta la tawi la Voi usilitumie kama njia ya mkato ya pikipiki, na kwenye stesheni au njia inayotumika omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Droni inahitaji kibali katika nchi zote mbili.

Usiokote kitu. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964 na sheria ya urithi ya Kenya ya 2006 zinalinda mabaki, na ganda la risasi lililohamishwa halisemi tena lilitoka wapi. Piga picha mbili, moja ya karibu ikiwa na rula, nyingine ya mbali ikionyesha kilima, kisha andika nukta. Kombora au kitu chochote chenye umbo la bomu kisiguswe kabisa, hata kikiwa na kutu ya miaka mia. Rudi ulikotoka kwa nyayo zako na ukawaarifu polisi.

Makaburi ya vita ya Taveta na Voi yana majina na tarehe, na orodha zake zinasomeka mtandaoni kwenye tovuti ya tume ya Jumuiya ya Madola inayoyatunza. Tarehe za vifo za walinzi wa reli hulingana mara nyingi na shajara. Ila tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu ya Waafrika, hasa wapagazi, hawakupewa kaburi lenye jina. Kutokuwepo kwa jina hapo hakuthibitishi kwamba hakufa mtu.

Wazee

Mashahidi wenyewe hawapo tena. Utaongea na wajukuu na vitukuu, na wanachokijua vizuri si milipuko. Wanajua nani hakurudi, ng’ombe walichukuliwa na nani, na watu walijificha wapi. Upande wa Tanzania pitia kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji ukiwa na barua ya utambulisho. Upande wa Kenya nenda kwa chifu au naibu wake. Ukiwa mtafiti kutoka nje ya nchi, kwa upande wa Tanzania kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kinatangulia.

Ukishatoa shikamoo na kukaa, usiulize “Je, babu yako alilipua reli?” Utapata ndiyo ya heshima au ukimya. Uliza hivi: “Mzee, wakati wa vita ya Mjerumani, watu wa hapa walikuwa wanachota maji wapi?” Au: “Bibi, katika ukoo wenu, nani alichukuliwa kubeba mizigo, na alichukuliwa na nani?” Swali la mwisho ni la lazima. Aliyekwenda Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) alibeba mizigo ya Waingereza, na vita ya Hitla huchanganyika na hii kila mara. Tumia rika: muulize babu huyo alitahiriwa pamoja na kina nani, kisha linganisha na watu ambao tarehe zao zinajulikana kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni. Karatasi za misheni ya Leipzig, iliyokuwa na vituo Uchagani, ziko Halle, Ujerumani.

Kasigau nenda kwa adabu zaidi. Mwaka 1915 Waingereza waliwahamisha watu wa mlima huo hadi upande wa Malindi wakiwatuhumu kuwaongoza Wajerumani, na wengi waliteseka huko. Kuuliza “nani alikuwa mwongozaji wa Wajerumani?” ni kurudisha tuhuma ile ile mezani. Uliza habari za kuhamishwa na za kurudi. La waongozaji litakuja lenyewe, au halitakuja.

Kuhesabu

Fungua jedwali lenye safu hizi: tarehe, saa ya tukio, saa ya taarifa, mahali kama palivyoandikwa, mahali pa leo, maili, kikosi, kilichopigwa, hasara kwa mujibu wa walipuaji, hasara kwa mujibu wa reli, saa za kusimama, jalada na ukurasa, kiwango cha uhakika. Mstari mmoja ni chanzo kimoja. Kisha kila tukio lipe namba yake, na mistari mitano ya tukio moja ibebe namba ile ile. Ukihesabu mistari badala ya namba, hujuma zitaongezeka mara tatu bila baruti.

Kwa uhakika tumia ngazi tatu: A, pande zote mbili zinakubaliana tarehe na mahali, B, upande mmoja tu lakini karatasi iliandikwa siku zile zile, C, kumbukumbu za baadaye tu. Jumla yako iseme kila ngazi ina ngapi. Na pale ambapo karatasi inataja Mjerumani kwa jina na kuwaacha wengine kuwa “askari watatu na wapagazi sita”, andika hao tisa kwenye safu yao wenyewe, ili jina likipatikana Rombo au Marangu liwe na mahali pa kuingia.